Suluhu Tuliyofanya na Fundi Kasimu

Vijana wa ofisi ya haki pale Ukunda, mmenitaka niandike juu ya kazi ya ukarani, mkaniletea daftari la kurasa mia mbili na kalamu mbili. Kurasa mia mbili sina. Nilikuwa karani miaka arubaini na ushei, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliimaliza kwa kuandika "Tumepokea barua yako" na kugonga muhuri. Yaliyobaki ni machache, na mengine si ya kujivunia. Lakini mmeomba kwa adabu, nanyi ni watoto wetu, nami nimezeeka kiasi cha kutoogopa tena kusema.

Kazi niliianzia Msambweni katika miaka ya hamsini, kwenye chumba kimoja nyuma ya ghala la mbata. Chama chetu kiliitwa Chama cha Haki za Wenyeji, nasi tukikiita Haki, basi. Hakikuwa chama cha siasa, au ndivyo tulivyoandika kwenye fomu, maana zama hizo neno siasa lilikuwa likimtia mtu ndani. Tulishughulika na watu ambao mashamba yao yalipimwa bila wenyewe kuulizwa, na zaidi tulishughulika na wafanyakazi wa mashamba ya miwa. Nguo zangu zote zilinuka mbata. Mama yangu alikuwa akinisimamisha uani mpaka nibadilishe shati, ndipo aniruhusu kukaa mkekani.

Barua yangu ya kwanza kwa Bwana Shauri, ndiyo DC kwa maneno yenu, niliiharibu. Niliitia kaboni kinyume. Nakala ikatoka nyeupe pe, na nyuma ya barua yenyewe maneno yote yakajichapa kutoka kulia kwenda kushoto, wala si Kiarabu wala si Kizungu. Mwenyekiti wetu, Mzee Athumani, mtu mnene mwenye duka la nguo na sauti ya upole, aliigeuzageuza ile karatasi kisha akaniuliza, "Karani, hii umemwandikia Bwana Shauri au umemwandikia jini?" Upande wa kaboni unaong'aa hutazama karatasi ya nakala. Najua hamtumii kaboni siku hizi. Nimeandika kwa sababu nililia siku ile.

Kuandika kumbukumbu za mkutano nako ni jambo la kujifunza. Ukisoma katika madaftari ya zamani kwamba "wajumbe walijadiliana kwa kirefu", ujue vikombe vya kahawa vilikaribia kuruka. "Mjumbe mmoja aliomba ruhusa kuondoka" maana yake alitoka akiapa kutorudi, na viatu akavisahau. Karani mzuri haandiki uongo, huacha tu kuandika baadhi ya mambo. Niliambiwa hivyo nikaona ni hekima kubwa. Baadaye nilikuja kujua mtu anaweza kuzama ndani ya hekima hiyo mpaka shingoni.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Omari, aliyepata kuwa karani wa kadhi kabla macho yake hayajaingia ukungu. Huyu alikuwa mkali. Alinifundisha jinsi ya kumsomea mtu waraka, na naomba hili mlishike hata kama mengine yote mtayaacha. Kaa upande mmoja naye, usikae mkabala. Pitisha kidole chini ya kila mstari hata kama yeye hajui kusoma, ili aone karatasi inaanzia wapi na inaishia wapi. Soma kwa sauti yako ya kila siku, si ya mimbarini. Ukimaliza, funika karatasi kwa kiganja, umwambie, "Haya, nirudishie kwa maneno yako." Akikosa moja, anza upya. "Na usiache kifungu kimoja kikalala peke yake ukurasa wa nyuma," alikuwa akisema. "Kifungu cha namna hiyo ni mwizi, kimejibanza nyuma ya mlango."

Mafunzo hayo ndiyo yaliyokuwa msingi wa kazi ya Haki. Kule kwenye miwa, wafanyakazi walipikiwa wali siku ya kuandikwa, kisha wakaletewa karatasi za mkataba wakatiwa wino wa dole gumba kabla hawajasomewa neno. Mtu alidhani ametia dole kwa miezi mitatu, akaja kuambiwa ni mwaka mzima. Sisi tulikuwa tukidai jambo moja: asitie mtu dole kwenye waraka ambao hakusomewa wote. Tulilisema misikitini, tulilisema sokoni, tuliliandika kwenye barua mpaka herufi za mashine zikachakaa.

Mimi nikaona maneno matupu hayatoshi. Nikatunga wimbo.

Hapa sasa niwajulishe kwa Fundi Kasimu. Alikuwa mpiga zumari wa Kinondo, mtu mwembamba wa makamo, mwenye kofia safi na maneno machache. Alikuwa wa fuko moja na mama yangu, yaani ukoo mmoja, kwa hiyo alikuwa mjomba wangu ijapokuwa hawakuzaliwa tumbo moja. Nami nilimwita mjomba, naye akiniita mjomba vilevile, kama tunavyoitana kwetu. Harusi isiyokuwa na zumari lake watu waliitaja kwa kusikitika. Nilimwona siku moja Galu amesimamisha ngoma nzima, watu wanashangaa, akamwendea mpigaji mmoja kati ya wanne akamwambia polepole, "Ngozi yako imelegea upande wa huku. Iote moto." Sisi wengine hatukuwa tumesikia lolote.

Alikuwa na mahadhi yake ya kumtolea bibi harusi nje, aliyoyatunga mwenyewe, na hapana mtu toka Kinondo mpaka Lunga Lunga asiyeyajua. Nikayachukua hayo. Sikumwomba. Nilijiambia mjomba hawezi kumnyima mpwawe, na kwamba jambo lenyewe ni la haki. Nikayatia maneno:

Usitie dole gumba, waraka hujasomewa,
Kwa wali wa siku moja, mwaka wote waonewa.

Watu wa miwa waliushika wimbo huo kwa siku moja. Nilijiona malenga. Na kwa sababu sifa humlevya mtu, nikaongeza ubeti juu ya mkubwa fulani anayelala barazani huku kalamu yake ikitia sahihi yenyewe. Sikumtaja jina. Lakini mudiri wetu wa wakati ule, aliyekuwa mkono wa serikali katika sehemu zetu, alikuwa na tabia hiyo ya kusinzia, na watu walicheka wakimwangalia.

Mudiri hakujua nani ametunga maneno. Mahadhi aliyajua, maana yalipigwa katika harusi ya binti yake mwenyewe. Na mwenye kutoa vibali vya ngoma alikuwa ni yeye.

Ikawa kila harusi ambayo Fundi Kasimu amealikwa, kibali hakitoki. Ilikuwa Shaabani, watu wanakimbizana kuoza kabla ya Ramadhani. Kinondo mwari mmoja alitolewa nje kwa vigelegele na sinia la bati. Watu ni watu, wakaanza kualika mpiga zumari mwingine ili wapate kibali.

Alikuja ofisini baada ya adhuhuri, zumari limefungwa kitambaani, akaliweka juu ya meza yangu kando ya mashine.

"Salamu alaikum."

"Alaikum salamu. Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mwenyekiti yupo?"

Mzee Athumani akatoka ghalani akipangusa mikono. Fundi hakukaa mpaka alipoambiwa akae mara mbili.

"Mimi sina ugomvi na wimbo wenu," alisema. "Watu wa miwa wanaonewa, hilo lajulikana. Lakini mlipoyachukua mahadhi yangu hamkunambia, na maneno yaliyotiwa si yangu, na sasa naulizwa mimi. Nimekwenda kwa mudiri nikamwambia siyajui. Anambia, basi niletee anayeyajua. Nataka barua moja tu kutoka kwenu. Iseme maneno ni ya chama, Kasimu hana mkono. Nipate kurudi kazini."

"Haki yako, Fundi," alisema Mzee Athumani. "Haki yako kabisa. Tupe siku mbili tukae, tusuluhishane kiungwana."

Alipokwenda zake, mwenyekiti alivuta kiti akakaa karibu yangu. Akanikumbusha kwamba fomu za kukiandikisha chama ziko mezani kwa mudiri huyo huyo. Akanikumbusha kwamba malalamiko ya wafanyakazi wa miwa yatasikilizwa mwezi unaofuata, na kwamba chama kikifungwa kabla ya hapo, watu wale hawatakuwa na wa kuwasemea. Yote hayo yalikuwa kweli. Kisha akaniuliza kwa upole wake ule ule, "Na tukisema maneno ni ya chama, mudiri atauliza ni ya nani ndani ya chama. Tumjibu nini, Karani?"

Nilikuwa nimeoa mwaka ule, na nilikuwa naogopa jela kama mtoto anavyoogopa sindano. Sitaki mdhani nililazimishwa. Aliniuliza tu, nami nikachukua karatasi.

Tulitengeneza suluhu ya vifungu vitano. Cha kwanza, chama kinakiri kilitumia mahadhi ya Fundi Kasimu bila idhini, kinamtaka radhi. Cha pili, wimbo hautaimbwa tena kwenye mikutano ya chama. Cha tatu, chama kitamwombea kibali kwa mudiri kwa kadiri kitakavyoweza. Cha nne, chama kitamvisha kilemba mbele ya watu kwa kumheshimu kama fundi. Ukiusoma mpaka hapo, ni waraka wa watu waungwana. Cha tano kilisema kwamba Fundi Kasimu hatamwambia mtu yeyote, awe wa serikali au raia, kwamba maneno ya wimbo yametoka kwa chama, na akiulizwa atasema hajui.

Nilipanua nafasi kati ya mistari. Mtu aliyezoea mashine anajua kufanya hivyo bila karatasi kuonekana imenyooshwa. Kifungu cha nne kikamalizika chini kabisa ya ukurasa, na cha tano kikaenda nyuma. Hakuna aliyenifundisha hilo. Aliyonifundisha Mzee Omari niliyageuza tu.

Tulikaa Ijumaa baada ya sala ya alasiri, barazani kwa Mzee Athumani, wajumbe wawili wa kamati, na Fundi Kasimu peke yake. Kahawa ililetwa, na halua. Fundi aliishika karatasi, akaitazama, akanirudishia.

"Hizi herufi za Kizungu mimi sikufundishwa," alisema. "Kwenye chuo cha Kurani tulisoma za Kiarabu. Kiswahili kikiandikwa kwa hizo nakisoma na kukiandika. Mjomba, wewe pia ulisoma chuo. Huwezi kuniandikia kwa hizo, nami nikaisoma mwenyewe?"

Ningeweza. Kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa ningekuwa nimemaliza. Mkono wangu kwa herufi za Kiarabu ulikuwa mzuri kuliko wa Kizungu.

"Serikali haizikubali, mjomba," nilimwambia.

Waraka ule haukuwa ukienda serikalini. Ulikuwa ukienda ndani ya kabati letu. Naye hakubisha, maana mimi ndimi niliyekuwa nikijua mambo ya serikali.

Nikasoma. Nilikaa mkabala naye, si upande mmoja. Nilisoma kifungu cha kwanza, akatikisa kichwa. Cha pili, akatikisa kichwa. Cha tatu aliniomba nirudie, nikarudia. Cha nne, cha kilemba, aliinamisha uso, na niliona amefurahi na anaona haya kufurahi. Nilipofika mwisho wa ukurasa nikanyamaza, na kabla sijaigeuza karatasi Mzee Athumani akainua viganja vyake akasema, "Basi, jamaa, mambo ya kheri hayacheleweshwi. Al-Fatiha."

Tulikuwa tumepatana hivyo.

Nyinyi mnaotoka bara huenda msilione uzito wake. Kwetu jambo likishasomewa Fatiha limefungwa. Mtu haliulizi tena, halikumbushii, halilii. Anayelifungua huonekana amemgeuka Mungu kabla ya kuwageuka watu. Sote tukainua mikono. Fundi Kasimu aliisoma Fatiha yake kwa sauti ya chini, kila herufi mahali pake, akapangusa uso. Nikageuza karatasi upande wa nyuma, kwenye mistari miwili ya mwisho, nikamwonyesha mahali pa kutia alama. Alitaka kuandika jina lake kwa Kiarabu. Nikamwambia dole litakuwa bora zaidi.

Nikamshika mkono, nikalipaka dole lake wino. Mimi, mwenye wimbo.

Kilemba alivishwa pale pale. Kilikuwa kizuri, cha hariri, kutoka duka la mwenyekiti. Alikwenda nacho kichwani mpaka Kinondo, na watu wakampa hongera njiani.

Tulimpelekea mudiri barua fupi ya kumwombea kibali. Hatukutaja wimbo. Baada ya siku kumi hivi Fundi alirudi ofisini, uso umekunjuka.

"Mudiri ameniita Jumatatu," alisema. "Nimekuja kwa adabu tu, msisikie kwa watu. Akiniuliza tena nitamwambia maneno ni ya chama. Sitataja mtu."

Mzee Athumani alikuwa akihesabu magunia. Hakugeuka. "Karani," alisema, "msomee Fundi kifungu cha tano."

Niliitoa karatasi kabatini nikasoma. Safari hii nilisoma vizuri, kwa sauti ya kila siku, kidole chini ya mstari. Nilipomaliza, Fundi alikuwa akiangalia lile dole lake lilivyokaa chini ya maneno.

"Hili sikulisikia," alisema.

"Lilisomwa, Fundi," alisema mwenyekiti. "Na Fatiha imepita."

Fundi hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi, na hakuwa na hasira. Nasema haya kwa sababu ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. Aliniuliza kama mtu anavyomuuliza wa kwao.

"Mjomba, hili ulilisoma?"

Nimekaa na swali hilo maisha yangu yote. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Chama kingetikisika, au kingevunjika. Mimi ningeitwa kwa mudiri, au hata nisingeitwa, maana nilikuja kujua baadaye kwamba mudiri alikuwa mtu wa kusahau mambo. Lakini mbele yangu alikuwa mtu ambaye angeniamini kwa lolote nitakalosema.

"Nililisoma, mjomba," nilisema. "Labda hukusikia vizuri."

Alinitazama kidogo. Kisha akapeleka mkono sikioni, akalishika kwa vidole viwili.

"Labda," alisema. "Umri."

Jumatatu alikwenda kwa mudiri, akaulizwa, akajibu hajui. Kibali akanyimwa. Hakuivunja suluhu hata kwa neno moja, na hata mkewe hakumwambia.

Mwezi uliofuata malalamiko ya watu wa miwa yalisikilizwa, nasi tukashinda. Karani wa shamba alisimama mbele ya wafanyakazi, akasoma mkataba wote kwa Kiswahili, ukurasa wa mbele na wa nyuma, na kila mtu akaulizwa kama ameelewa. Watu walilia. Mzee Athumani alinikumbatia. Mnaweza kusoma habari hizo kwenye majalada yetu, na nimesikia nyinyi mnapenda kuzitaja mnapofanya semina. Ni kweli zilitokea. Nilikuwa nimesimama pale nikimsikiliza yule karani wa shamba, ambaye tulimwita kila jina baya, akifanya kazi yake sawasawa, na nilitamani ardhi inimeze.

Haukupita mwaka, mudiri akahamishwa. Aliyekuja alikuwa mtu wa watu, vibali alitoa hata kwa ngoma asizozipenda. Wenye harusi wakarudi Kinondo kumwalika Fundi Kasimu. Niliposikia nilishukuru, nikajiambia jambo limekwisha lenyewe, Mungu amelitengeneza.

Alikataa. Aliwaambia watu masikio yake yameharibika.

Mara ya kwanza nilidhani anajitia tu, kwa kuudhika. Kisha nikakutana na mkewe, Bi Mwanaisha, sokoni Msambweni, anatafuta mafuta ya ufuta. Nikamuuliza ya nini.

"Ya masikio ya mjomba wako," alisema. "Kila jioni namtilia matone. Ati hasikii. Nami nikinong'ona na jirani jikoni, yeye yuko nje aniitikia. Nimemwambia huna ugonjwa, mwanamume wee, anambia wewe hujui, lilisomwa jambo mbele ya watu watano, wote wakalisikia ila mimi." Akacheka kidogo. "Anasema fundi asiyesikia ataharibu harusi za watu. Hebu kaseme naye wewe, wewe akuamini."

Nilimwambia nitakwenda. Nikambebea kapu lake mpaka barabarani.

Sikwenda. Nilipata kazi katika ofisi nyingine Mombasa, nikajifunza mashine mpya, nikawafundisha makarani wadogo namna ya kumsomea mtu waraka. Nilikuwa nikisifiwa kwa hilo. Nilikuwa nikiwaambia kaeni upande mmoja naye, funikeni karatasi, mwambieni akurudishieni kwa maneno yake. Hakuna aliyejua naipata wapi bidii ile.

Nilikwenda Kinondo miaka saba baadaye, kwenye hitima ya shangazi yangu, na baada ya hitima nikajikaza nikashika njia ya kwa Fundi Kasimu. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Alikuwa amekaa uani, amenipa mgongo, anasuka ukili. Nilikuwa mbali bado, sijabisha hodi, mchanga mtupu chini.

"Karibu, mjomba," alisema bila kugeuka. "Umenunua viatu. Cha kushoto kinalia."

Nikamwamkia, akaitikia. Akanikaribisha mkekani, akamwita mkewe alete kahawa, akaniuliza habari za mjini na watoto. Nami nikainama kumjibu kwa sauti ndogo, na kila neno alilisikia. Nikamuuliza habari za kazi.

"Ah, kazi niliiacha," alisema. "Masikio haya. Unakumbuka siku ile. Nilijisikitikia sana, mjomba, si kwa ajili ya mudiri. Nilikuona wewe umefedheheka kuulizwa swali lile mbele ya mkubwa wako, na kosa lilikuwa langu. Nilitaka kukutaka radhi, ukawa umehama. Uniwie radhi."

Maneno yote niliyoyapanga yalikuwa mdomoni. Bi Mwanaisha alikuwa amesimama na birika, akinitazama. Mngedhani hapo mtu atasema. Nilisema, "Hapana neno, mjomba." Nilimsamehe. Nikanywa kahawa yake vikombe viwili, nikaaga, nikaenda kungojea gari barabarani.

Alifariki mwaka wa pili yake. Sikuwahi kumwona tena.

Wajukuu zake wako Kinondo, na nimesikia mmoja wao anapiga zumari, naye watu wamemwonya kwamba uziwi umo katika ukoo wao. Nawaomba nyinyi, ndiyo sababu nililipokea daftari lenu, mwende mkamsomee kurasa hizi. Kaeni upande mmoja naye. Msomeeni zote, hata huu wa mwisho, kisha mwambieni awarudishie kwa maneno yake mpaka mridhike kwamba ameelewa. Mimi, niliyekuwa karani wa Chama cha Haki za Wenyeji, nakiri kwamba katika suluhu ile nilisoma vifungu vinne tu. Cha tano hakikusomwa. Babu yake alisikia kila kitu kilichosomwa siku ile.